Usiku mmoja na injini za mvuke Didcot: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana wengi wameniuliza, kabla hata sijapakua picha zote, kama nitarudi Didcot, Uingereza, kwenye usiku wa kupiga picha injini za mvuke: ndiyo, nitakwenda tena. Ila si kwa waandaaji wale wale.

Tiketi niliikata mwezi wa tisa, nikaingoja Novemba kama mtoto anavyoingoja Idi. Reli za taifa za Uingereza ziliacha mvuke mwaka 1968, lakini wapo watu waliokataa kuziona injini zile zikikatwakatwa vyuma chakavu. Didcot, karibu na Oxford, chama cha Great Western Society kiliingia mwaka 1967 katika banda la injini lililojengwa 1932, na mpaka leo banda limesimama, na jukwaa la kupakilia makaa ya mawe lipo pale pale. Jioni za baridi hutokea injini ikawashwa moto kwa ajili ya wapiga picha tu. Taa zinapangwa, wahudumu wanavaa ovaroli na kofia za zamani, na wewe unasimika tripodi yako.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye zile injini kubwa za East African Railways, za aina iliyoitwa daraja la 59, zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi. Nimekulia kwenye hadithi zake, lakini injini yenye moto tumboni sikuwahi kuiona kwa macho. Kwa hiyo pauni arubaini za tiketi sikuziona nyingi.

Tuliingia saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda. Kila mtu akapewa riflekta, ile fulana ya kung'aa gizani, tukaelezwa wapi pa kukanyaga na wapi si pa kukanyaga. Sikilizeni maelezo hayo kwa makini: bandani kuna mashimo marefu katikati ya reli, ya kukagulia injini kwa chini, na gizani huyaoni.

Kilichonipokea kwanza ni harufu. Injini za babu zilichoma mafuta mazito. Hii ilichoma makaa ya mawe, na moshi wake una ukali wa kiberiti unaokaa kooni. Ilikuwa injini ndogo ya kijani, matangi yake ya maji yameshuka ubavuni huku na huku kama shogi za punda wa Lamu. Imesimama, lakini haijatulia. Inatoa sauti ya sufuria iliyofunikwa, halafu kila baada ya muda tone la maji linadondoka kwenye chuma cha moto na kulia chwii. Nilisahau kamera kwa dakika nzima.

Sasa kwenye kazi yenyewe. Kama unanunua tiketi ukidhani treni itapita mbele yako kwa kasi usiku, hapana. Marekani, kati ya 1955 na 1960, mpiga picha O. Winston Link aliweza kuzikamata treni za mwisho za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk & Western zikiwa mbioni, kwa sababu alifunga balbu nyingi za flashi zinazolipuka kwa pamoja; mwanga wa kufumba na kufumbua ulitosha kuisimamisha treni kwenye filamu. Didcot tulikuwa na taa za LED za kwenye stendi, zinazowaka mfululizo na si kali kiasi hicho. Injini husimama, na kamera huachwa wazi.

Na hapo ndipo nilipopoteza saa nzima. Nilifuata ushauri unaotolewa kila mahali: ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde kumi. Chuma kilitoka vizuri mno, misumari yote unaihesabu. Mvuke ukawa pamba. Sekunde kumi ni nyingi kwa mvuke. Unazunguka, unapanda, unakatika, na kamera inauchanganya wote kuwa wingu moja lisilo na umbo. Kisha dereva akafungua koki za silinda, vibomba vidogo vilivyo chini ya injini, mvuke ukafyatuka chini pande zote mbili hadi magurudumu yakapotea, na picha yangu ikaonyesha injini imekaa juu ya ukungu wa asubuhi. Nzuri, lakini siyo nilichokiona.

Nikapanda ISO 1600, nikafungua lenzi hadi f/4, muda ukashuka hadi theluthi moja ya sekunde. Mwanga ni ule ule, ila sasa mvuke una mikunjo, una vidole. Pete ya shaba iliyovalishwa bomba la moshi ikashika taa kama bangili. Punje za picha zimeongezeka kidogo kwenye weusi wa anga, na sijali hata kidogo.

Jambo la pili ni upande wa taa. Ikitoka nyuma yako, mvuke unakuwa shuka la kijivu. Bwana mmoja wa kujitolea, mzee mpole sana, aliona ninavyohangaika, akachukua taa moja akaizungusha nyuma ya injini, ikafichwa na bomba. Mvuke wote ukawaka kwa ndani. Watu walinyamaza. Kama unakwenda, subiri mpangilio huo, na ukiona haufanyiki, omba.

Kuhusu vifaa: betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi inazinyonya. Lenzi ikishindwa kujifokasi gizani, mulika bamba la namba kwa tochi, pata ukali wake, halafu zima ufokasi wa kamera wa kujiendesha na usiuguse tena. Kioo cha kamera hudanganya usiku, kila picha inaonekana imeng'aa, kwa hiyo tazama grafu ya mwanga. Kitambaa kikavu kiwe mkononi muda wote.

Waandaaji siwataji, lakini malalamiko yangu ni haya. Tiketi ilisema watu ishirini. Nilihesabu riflekta thelathini na moja. Tripodi zilibanana mstari mmoja, kila mpangilio tukapewa dakika kumi, na waliofika nyuma walipiga picha za migongo. Mwenzetu mmoja alikuwa na tochi kichwani hakuizima, na hakuna msimamizi aliyemwambia neno; picha zangu nne zina mstari mweupe katikati. Niliwaandikia kwa adabu. Hadi naandika haya sijajibiwa. Wahudumu wa injini wao nawapa heshima zote, maana walikuwa kazini kuanzia asubuhi wakiipasha moto taratibu ili sisi tupate muda wa saa nne.

Njiani kurudi niliiwaza injini iitwayo Mount Gelai, namba 5918, iliyoko makumbusho ya reli Nairobi. Daraja la 59, zaidi ya tani 250, imetengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955, ikapewa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Niliipiga picha likizo iliyopita, saa saba mchana, jua limeifua rangi yake ya damu ya mzee ikawa waridi. Si lazima iwashwe moto. Taa nne, ruhusa ya usiku mmoja na sekunde kumi za subira, na Wakenya wangeiona injini ile kwa namna ambayo hawajawahi kuiona. Mwenye njia ya kuomba ruhusa hiyo tuwasiliane, mimi niko tayari kuja na taa zangu.

Picha moja nilimtumia babu kwa simu ya mama. Ile ya koki kufunguliwa. Nilidhani atasifu rangi, au atauliza ni wapi. Sauti yake ikaja kesho yake alfajiri, baada ya swala: "Huyo dereva anatoa maji kwenye silinda kabla hajaondoka. Vizuri. Maji hayabanwi, yangepasua kifuniko. Lakini wewe mjukuu wangu ulisimama karibu mno."