Tiba kwa vitendo baada ya ajali ya kichwa: uzoefu wangu hapa Dodoma

Naanza na jibu kwanza maana najua wengi mnaosoma hivi mna mgonjwa nyumbani na hamna muda: je, tiba hii inastahili hela unayolipa? Ndiyo, hela yangu ilienda mahali pake. Ningeambiwa leo nichague tena kati ya zile dawa za kuongeza kumbukumbu walizotununulisha watu na kwenda kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayekurudisha kwenye shughuli zako za kila siku, ningeenda kwa mtaalamu hata kwa kuuza mashine yangu ya ovaloki.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Majengo. Nilipata ajali ya bodaboda jioni natoka kazini kwenda nyumbani Chang'ombe, pikipiki ilikuwa na helmeti moja tu na ilikuwa kichwani kwa dereva. Ajali yenyewe siikumbuki kabisa, wala wiki kadhaa zilizofuata, hapo nasimulia nilivyosimuliwa na mume wangu na wifi yangu. Nilifika hospitali GCS yangu ikiwa 6. Hicho ndo kipimo cha fahamu ambacho madaktari wanakitumia dunia nzima, kiliundwa Glasgow mwaka 1974, kinaanzia 3 na kuishia 15, mwenye 15 yuko macho anaongea vizuri, 8 kushuka chini ni jeraha kali la ubongo. Nakitaja kwa sababu mume wangu aliambiwa "ana 6" akadhani ni 6 kati ya 10, akampigia simu mama yangu kijijini akamwambia hali siyo mbaya sana. Ukiambiwa namba wodini, uliza ni kati ya ngapi.

Nilipigwa CT scan, wakakuta damu imevia ndani ya fuvu, wakanipasua wakaitoa. Wale waliofanya ile kazi nawaombea kila siku. Shida yangu inaanza siku ya ruhusa. Hospitali siitaji, ila tulipewa karatasi, dawa za kuzuia degedege, tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyekaa na ndugu zangu akawaambia huyu mtu mnayemrudisha nyumbani atakuwa vipi. Nilikuwa natembea, nasalimia wageni, nakula mwenyewe, kwa hiyo kila aliyekuja kunipa pole alisema jamani Mungu mkubwa, amepona. Na mimi nikaamini nimepona.

Sasa kilichokuwa kinaendelea ndani ya nyumba ni kingine kabisa. Naweka maji ya ugali jikoni natoka nje nasahau kama kuna jiko, naulizwa na mtoto chai iko wapi najibu nimeshawapa, naapa kabisa, na hakuna aliyekunywa. Kelele nilikuwa siziwezi, redio na watoto na jirani anatwanga vyote vinaingia kichwani kwa mara moja. Hasira ndo usiseme, mimi niliyekuwa natungiwa utani kwa upole nilimrushia mume wangu sufuria kwa sababu aliuliza swali mara mbili. Alafu uchovu, ikifika saa tano asubuhi nimeisha, na siyo uchovu wa kazi, ni mwili mzima kukataa. Mama mkwe akasema nimekuwa mvivu. Kuna waliosema nimetupiwa kitu. Mume wangu alikaa kimya tu, na huo ukimya uliniumiza kuliko maneno ya wote.

Kilichotuokoa ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, nilikuwa naenda kwake kwa ajili ya bega, ndo akasema wewe unahitaji pia tiba kwa vitendo. Tulikuwa hatujawahi kulisikia hilo jina. Ni fani kamili, chuo cha KCMC kule Moshi wanaifundisha, na kazi yao ni kukurudisha kwenye shughuli zako za kila siku, kuoga, kupika, kwenda sokoni, kufanya kazi yako. Kliniki tuliyoenda ni ya binafsi, iko hapa hapa mjini.

Mtaalamu alikuwa kijana, mdogo kwangu, lakini heshima aliyonipa sijaipata kwa wakubwa wengi. Shikamoo dada, karibu. Hakuanza na kichwa, aliuliza siku yangu kabla ya ajali ilikuwaje toka naamka mpaka nalala, na nikikosea mume wangu akitaka kunisahihisha alimwambia kaka muache kwanza. Alafu akasema tupike chai. Nikaona huyu vipi, nimelipa hela nije kupika chai? Nikawasha jiko nikaweka sufuria tupu. Akaniambia hatua inayofuata kabla sijafanya kitu kingine, kwa sauti ya kawaida, tukaendelea. Mume wangu ndo siku ile alielewa, aliniona mwenyewe nikiwa najitahidi kwa nguvu zangu zote na bado nashindwa kupanga maji, majani na sukari. Tulivyotoka aliniomba msamaha pale pale nje kwa kukaa kimya nilipoitwa mvivu.

Kitu kikubwa nilichojifunza kwake, na ndicho nataka wenye wagonjwa mkichukue: jeraha likiwa kali kama langu hurudishi kumbukumbu kwa kukariri. Ndugu wengi wanafanya mtihani, "nani huyu? jana ulikula nini? fikiria!" Alikataza hiyo kabisa, na alikataza nisibahatishe, kwa sababu ubongo ulioumia unaweza kulishika lile jibu la kubahatisha, kesho unalirudia tena kosa lile lile. Unaambiwa jibu sahihi kwanza, unalifanya, unarudia, msaada unapunguzwa kidogo kidogo. Na kile ambacho kichwa hakishiki kinawekwa nje ya kichwa. Mimi nina kaunta buku moja, inaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango, haikai pengine popote, humo kuna cha kufanya leo, nani kaja, nani kaacha kitambaa, nani kalipa nusu. Simu ina alarm na kila alarm ina jina, "meza dawa", "lala", "angalia jiko". Mwanzoni niliona aibu wateja wakiona, sasa hivi naandika mbele yao na wanapenda, wanasema fundi huyu hapotezi kitambaa cha mtu.

Kushona ndo tulikaa nako muda mrefu. Mikono ilikuwa inakumbuka, nikikaa kwenye cherehani mguu unakanyaga wenyewe mshono unaenda wima, nikalia kwa furaha, lakini nipe kitambaa nianze mwanzo, hapo giza. Nilikuwa naunga kabla ya kupiga ovaloki, nakata bila kuacha nafasi ya pindo. Yule kijana akaja mpaka kibandani kwangu, akasema tuchague nguo moja tu, tukachagua sketi ya shule ya marinda kwa sababu mshono wake haubadiliki. Wifi yangu akashona moja taratibu, yule kijana akapiga picha kila hatua, kupima kiuno na urefu, kuchora na chaki, kukata, ovaloki, marinda, zipu, mkanda, pindo. Tukazisafisha hizo picha tukazibandika ukutani kwa mpangilio, na kila hatua nikimaliza nahamisha kipini cha nguo kwenda picha inayofuata. Simu ikiita katikati nikirudi nakuta kipini kiko wapi. Wiki za kwanza wifi alikaa pembeni yangu ananiambia kabla sijakosea, baadaye akawa anakaa nje, baadaye akarudi kwenye shughuli zake. Yule kijana alinishauri pia nirudi kwenye cherehani ya miguu niachane na ya motor, kwa sababu ya degedege na kwa sababu ile ya motor inakimbia kuliko mimi.

Kuna mambo mawili hatukuwahi kuambiwa popote mpaka tulivyofika kwake. La kwanza harufu. Maharage yaliungua mimi nimekaa hapo hapo sijasikia chochote, tukadhani ni kusahau, kumbe mishipa ya kunusia ni myembamba sana, inapita kwenye vitundu vya mfupa juu ya pua, kichwa kikigongwa kwa nguvu inakatika. Kwa hiyo gesi ikivuja mimi sitajua. Mtungi sasa unafungwa na mume wangu au mtoto mkubwa, na chakula kilicholala lazima mwingine akinuse. La pili ni ile hasira. Alimwita mume wangu na mama mkwe wakakaa, akawaeleza sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndo breki ya mtu, na kwangu ndiko kulikoumia zaidi. Akatufundisha ishara: nikiinua kiganja maana yake natoka nje na mtu asinifuate, nikirudi ndo tunaongea. Mama mkwe yule yule wa uvivu sasa ndo anawatuliza watoto nikiinua mkono. Ndoa yangu ipo mpaka leo na sisemi kwa kutia chumvi.

Nisifie tu bila kusema mapungufu ningekuwa siwatendei haki. Bei ni 30,000 kwa kikao cha saa moja, kwa fundi ambaye hashoni hiyo ni hela nyingi sana, na bima niliyokuwa nayo ililipa daktari na vipimo ila hiki kikao ikakataa. Tulikuwa tunaenda mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja, baadaye kila tulipopata. Sehemu ya kusubiria ina TV sauti juu muda wote na mtu aliyeumia kichwa anaingia kwenye kikao akiwa ameshachoka, nimewaambia, wakapunguza, wiki ijayo ikarudi. Zile kadi zao za picha ni za nje, unaonyeshwa theluji na mashine ya kuoka mkate unaulizwa hii ni nini, mama yangu Mgogo wa Mvumi asingejibu na kichwa chake ni kizima, weka picha ya kinu, ungo, mlenda, zabibu, watu wapimwe kwa vitu vyao. Na kubwa zaidi: hawatumi meseji ya kukumbusha. Wateja wao wengi wanasahau kwa sababu ya ugonjwa, alafu ukikosa kikao unatozwa nusu. Hili linaniuma na naomba walirekebishe.

Wataalamu wenyewe ni wachache. Nimekaa pale na mama aliyetoka Kondoa na mwanae aliyepigwa na pikipiki, usiku amelala stendi ili awahi, na anarudi siku hiyo hiyo kwenye basi lenye muziki. Huduma kama hii ingepaswa kuwepo kila hospitali ya wilaya, maana bodaboda zipo kila wilaya.

Hali yangu sasa. Nashona sketi na mashati ya shule, asubuhi tu, mchana nalala bila kujadiliana na mtu. Magauni ya harusi nimeacha, vipimo vya watu wengi na haraka vinanimaliza, na kipato kimeshuka, hilo siwafichi. Sijawa yule wa zamani. Walituambia mabadiliko makubwa huwa miezi ile ya mwanzo ila kujifunza hakufungwi, na kweli, mwezi uliopita nimeongeza shati la kola ukutani, picha zake nimepanga mimi.

Kwa anayetaka kuanza, ulizia idara ya utengamao, yaani ya kumsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake, kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu, sema kabisa tiba kwa vitendo, usipoitaja unaweza kuishia mazoezi ya viungo tu. Beba karatasi ya ruhusa na picha za CT. Dawa za degedege usiache ghafla kwa sababu mtu kakwambia umepona, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege kali, ongea na daktari kwanza. Na usiende peke yako wala usiende na ndugu aliyekuja kusalimia, nenda na mtu mnayekaa nyumba moja, kwa sababu nusu ya mafunzo ni yake.