Jina tupu au jina na cheo?

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, wasifu wa mamwinyi wa Uingereza, yaani watu wenye vyeo kama Duke na Earl, huzua ubishi usiokwisha: kichwa cha makala kibebe jina pamoja na cheo kamili, au lile jina tu ambalo watu wamelizoea?

Wanaotaka cheo wana hoja nzito. Chukua ukoo wa Spencer-Churchill. Duke wa 7 wa Marlborough aliitwa John, wa 10 John, na wa 11 naye John! Bila cheo na namba yake, msomaji atajuaje yupi ni yupi? Kichwa kinakuwa kirefu kama treni ya mizigo, sawa, lakini hakimchanganyi mtu.

Wa upande wa pili wanasema kipimo ni umaarufu. Mwanafalsafa Bertrand Russell alirithi cheo cha Earl mwaka 1931, wakati tayari dunia inamjua. Anthony Eden alifanywa Earl wa Avon mwaka 1961, miaka minne baada ya kuacha uwaziri mkuu. Nani humtafuta kwa jina la Avon? Makala zao zina majina matupu, na kwa watu kama hawa mimi niko upande huo.

Wasipoelewana, mmoja hufungua ombi la kubadilisha kichwa. Mjadala huachwa wazi kwa kawaida siku 7, kisha mhariri asiyehusika hupima uzito wa hoja badala ya kuhesabu kura. Jina lililoshindwa kwa kawaida halifutwi. Ukiliandika, linakupeleka kwenye makala ileile.