Isicathamiya ya Afrika Kusini na tamasha la nyimbo la Estonia
Isicathamiya, uimbaji wa kwaya ya Wazulu usiotumia ala, ilikomaa katika mabweni ya Wazulu waliohamia migodini na viwandani, ambako wanaume walioacha familia zao vijijini walishindana kuimba usiku kucha kila Jumamosi. Kiongozi hutangulia kwa sauti nyembamba, besi nyingi humjibu kutoka chini, na miguu hunyata kwa wepesi. Jina lenyewe hutokana na kunyata huko.

Nchini Estonia kwaya ni umati. Tamasha la kwanza lilifanyika Tartu mwaka 1869, chini ya utawala wa Urusi, na siku hizi jukwaa la Tallinn hubeba maelfu kwa maelfu ya waimbaji wanaomfuata mwongozaji mmoja. Mwaka 1988, wakati wa utawala wa Kisovieti, uwanja huohuo ulifurika watu walioimba nyimbo za uzalendo, na uhuru ukarejea mwaka 1991.

Kwa ukubwa, Estonia haina mshindani. Hata hivyo, anayetaka kujifunza kusikilizana, jambo ambalo kwaya nyingi hulisahau, atanufaika zaidi na wale wanaume wachache wanaonyata, kwa kuwa kiongozi wao hutangulia kuimba, nao humjibu pamoja kwa kumsikiliza.