Ndala za Brazil kwenye soko la samaki Mtwara: uzoefu wangu

Nauza samaki hapa Mtwara na ndala ndiyo kiatu changu cha kazi. Dada aliporudi kutoka Ureno kumsalimia mama, aliniletea Havaianas, ndala za Brazil. Wengine wangezitunza kabatini zisubiri Idi. Mimi nilizivaa kesho yake alfajiri kwenda sokoni.

Kwa macho ni ndala tu. Juu nyeupe, chini bluu, kamba za bluu, zilezile zinazokaa mlangoni mwa bafu kila nyumba. Tofauti unaipata ukizishika. Mpira wake umeshiba lakini ni laini, ukiukunja unarudi, na juu ya soli kuna alama ndogondogo za punje za mchele, safu kwa safu. Alama hizo zina asili yake. Ndala hizi zimeigwa kutoka zori, sandali za Wajapani zilizosukwa kwa mabua ya mpunga. Mwaka 1962 kampuni ya Alpargatas ya Brazil ikaweka mpira badala ya mabua, na mchele ukabaki kama chapa kwenye soli.

Huko kwao zilianza kama kiatu cha vibarua. Matangazo yao ya zamani yaliahidi mambo matatu: hazipindi, hazinuki, kamba hazichomoki. Basi na mimi nimezipima kwa hayohayo.

Kamba ndiyo kubwa, maana ndala nyingi hufia hapo. Za bei poa nilizokuwa nanunua, zisizo hata jina, tundu likishalegea kile kitufe cha chini kinapita, na unabaki katikati ya watu umeshika ndala mkononi ukiomba pini. Na sakafu yetu si ya mchezo: maji, magamba, barafu inayoyeyuka, huku umebeba ndoo ya changu na mguu unavutwa kila upande. Hizi nimezivaa kaskazi nzima na tundu bado limebana kitufe barabara. Kamba haijanichubua kati ya vidole, hata siku za mwanzo.

Harufu nayo, jamani, muuza samaki anajua ninachosema. Jioni nazisugua kwa brashi na sabuni ya unga, nazianika ukutani, asubuhi hazina hata dalili ya dagaa. Maji ya chumvi hayazifanyi kitu. Sandali za ngozi kwa kazi yangu hukakamaa na bizimu zake kushika kutu. Jua la mchana pia halijazipinda.

Kwenye tope jekundu la masika, ukipanda kuelekea Newala, ndala yoyote inateleza. Huko vaa kiatu kingine.

Kuna jambo linaniuma. Nilipokwenda kufuatilia karatasi kwenye ofisi moja hapa mjini, mlinzi alinizuia mlangoni.

"Mama, samahani, kwa ndala hairuhusiwi."

"Mwanangu, nimetoka kazini, na ni safi hizi."

"Najua mama, lakini ndiyo utaratibu."

Sikumlaumu kijana. Ila dada anasema Lisbon watu wanazivaa kwenda mgahawani, na hakuna anayewatazama miguuni. Kiatu hakikubadilika. Wabrazil wenyewe ndio walioanza kukipa heshima: mwaka 1994 zikatoka za rangi moja juu hadi chini, rangi nyingi za kuchagua, na mwaka 1998, Kombe la Dunia lilipochezwa Ufaransa, wakabandika kibendera cha nchi yao kwenye kamba. Ulaya na Marekani wakazipenda hivyo, zikiwa na Brazil yake mguuni. Mimi ningenunua leo hii ndala ya mpira mzuri yenye kibendera cha Tanzania, na ningeivaa harusini.

Je, nazipendekeza? Ndiyo, kwa yeyote anayeshinda kwenye maji: wauza samaki, wapara samaki, wavuvi wa Mikindani na Msimbati, wa mashamba ya chumvi. Bei yake ni mara kadhaa ya ndala ya kawaida, kwa hiyo kama unazitaka za kuogea tu, chukua za sokoni. Ukiagiza kwa ndugu aliye nje, angalia namba. Namba za Brazil ziko chini kwa mbili, yaani 37/38 yao ni 39/40 ya Ulaya. Mtumie namba ya Ulaya, na umwambie hivyo wazi.