Kifaa cha kusoma kodi (namba za hitilafu za gari) kwa Bluetooth, na gari linalomisi asubuhi: uzoefu wangu

Nianze na kasoro yake kubwa: ukipiga stata, mawasiliano yanakatika. Umeme wa betri unashuka injini inapozungushwa, kifaa kinajizima na kujiwasha upya, na zile sekunde ambazo mwenye gari linalosumbua asubuhi anazitaka kuliko zote zinapita bila kurekodiwa. Hata hivyo sikirudishi.

Ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD-II (mfumo wa gari wa kujichunguza hitilafu), ile yenye pini 16 chini ya usukani, kisha unasoma kila kitu kwenye simu. Nilikitafuta baada ya kazi niliyoifanya mwenyewe. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa inavujisha oili, nikaibadilisha, na kwa kuwa nilishafungua, nikaweka na plagi mpya. Gari likarudi na nguvu zake zote, isipokuwa asubuhi. Injini ikiwa ya baridi linawaka, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka nusura lizime, linatetemeka na kumisi, yaani silinda zinaruka bila kuchoma mafuta, halafu baada ya muda linatulia kama vile si lenyewe. Likishapata moto, sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, safi kabisa. Taa ya cheki injini haikuwaka hata siku moja.

Kodi zilizothibitishwa hazikuwepo. Kwenye orodha ya zinazosubiri ilikuwepo P0300, maana yake injini inamisi bila kuchagua silinda. Ingekuwa P0302 ningejua ni silinda ya 2, ningehamishia koili yake (inayoipa plagi umeme) kwenye silinda nyingine na kuangalia kama tatizo linahama nayo. P0300 haikupi mlango huo. Mara nyingi inakuelekeza kwenye kitu kinachogusa silinda zote, yaani hewa au mafuta. Programu yenyewe, kwa ujasiri wa muuza duka, ikanishauri ninunue plagi na koili. Plagi zenyewe ndiyo kwanza nimezifunga! Ushauri wa namna hiyo puuza, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa vipimo vya papo kwa papo. Hapo ndipo kifaa hiki kinapolipa.

Cha kwanza ni joto. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka ufunguo ON bila kuwasha, usome joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Yanatakiwa kukaribiana, kwa kuwa kila kitu kimeshapoa sawa. Sensa ya maji ikidai nyuzi 70 wakati injini ni baridi, kompyuta itainyima injini yale mafuta ya ziada inayoyahitaji, maana petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Kwangu vilipishana nyuzi 2 tu, kwa hiyo sensa nikaachana nayo.

Cha pili ni STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Hapa wengi wanapotezwa. Gari linatetemeka, unatazama STFT, unaona 0, unasema mchanganyiko uko sawa. Hauko sawa. Mwanzoni kompyuta haiisikilizi sensa ya oksijeni kwa sababu nayo haijapata moto, kwa hiyo ile 0 haina maana yoyote. Subiri mpaka programu ionyeshe kwamba mfumo umeingia closed loop, yaani kompyuta imeanza kuisikiliza sensa hiyo. Ulipoingia, STFT yangu iliruka hadi +18, na LTFT ilikuwa +9. Nikakanyaga mafuta mpaka RPM 2500, STFT ikashuka hadi +4. Nikaachia, ikapanda tena.

Jibu liko kwenye huko kupanda na kushuka. Pampu ikiwa dhaifu au filta ikiwa imeziba, kwa kawaida namba huzidi kuwa mbaya kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Hewa ya wizi, ile inayoingia kwenye injini kupitia tundu bila kupimwa, inafanya kinyume: tundu ni lilelile, lakini kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo wizi huo unakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Na injini ilivyozidi kupata moto, namba zilijishukia zenyewe.

Tundu lilikuwa kwenye hosi ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kutoka tapeti kava kwenda kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ilishakakamaa kwa umri, na ilipokunjwa ili kava litoke ikapasuka upande wa chini, ambako jicho halifiki. Ikiwa baridi ufa unabaki wazi; ikipata moto mpira unalainika na ufa unajifunga. Nilipoubana kwa vidole, STFT ilishuka palepale kwenye simu. Tafadhali usitafute tundu kwa kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayounguruma. Inaonyesha tundu, ndiyo, na inaweza kuwasha moto pia.

Baada ya hosi mpya, LTFT imetulia kwenye +2 na asubuhi gari linawaka bila vituko.

Kuna mambo hakiwezi. Hakipimi presha ya petroli wala kompresheni, na maji yanayovujia kwenye silinda usiku kwa sababu ya gasketi ya hedi hakiyaoni. Hayo unayatafuta kwa kupungua kwa maji na moshi mweupe usioisha. Usikimbilie kufuta kodi pia, kwa sababu unafuta na kumbukumbu za hali ya injini kodi ilipojitokeza, na kwenye magari mengi LTFT nayo inaanza upya. Ukimaliza kazi kichomoe, maana soketi ile ina umeme hata funguo ukiwa mfukoni, na gari likikaa muda mrefu betri inaweza kuisha.

Nimekipa nyota 4. Kabla hujaagiza, hakikisha gari lako linatumia OBD-II: yaliyouzwa Marekani ni kuanzia modeli za 1996, ya petroli ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, ya dizeli kuanzia 2004. Wenye iPhone watafute chenye Bluetooth LE au Wi-Fi, kwani vingi vya Bluetooth ya zamani haviungani nayo.