Bodi ya Kompyuta ya Kiwandani: Uliza Habari za Chumvi Kwanza

Saa kumi alfajiri simu ililia: chumba baridi cha samaki kimepanda joto, na kengele haikupiga. Bodi ya kompyuta inayopiga kengele hiyo niliifunga kwa mikono yangu, upande wa Likoni, Mombasa, miezi mitano tu nyuma. Kufungua boksi, meno ya soketi ya kadi ya memori yamefanya ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Boksi lenyewe ni la aluminiamu, zito, na limeandikwa kubwa kubwa kuwa ni la viwandani. Kweli, boksi lilikuwa la viwandani. Bodi ndani yake ilikuwa ile ile ya mwanafunzi.

Kwa hiyo leo, nikikuchagulia bodi ya kazi za pwani, hunisikii nikitaja kasi ya prosesa. Kusoma joto na kuwasha pampu hakutaki mbio. Wala usibabaishwe na ile "nyuzi -40 hadi 85" ya joto inayoandikwa kwenye bodi za viwandani: joto letu halifiki huko, na baridi hiyo hata friza ya kawaida ya samaki haina.

Shuka kwenye karatasi ya maelezo mpaka penye unyevu. Utaona "hadi asilimia 95", halafu kwa herufi za sisimizi: pasipo umande. Hapo ndipo tunapomalizwa. Bodi iliyo karibu na mlango wa chumba baridi hulowa umande kila mlango ukifunguliwa. Kusi ikivuma inaleta chumvi, chumvi inavuta maji hewani, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Pini mbili zilizobanana zikiwa na volti 5 kati yake, shaba inaanza kuliwa taratibu. Hutasikia hata cheche.

Dawa ni vanishi ya kukinga bodi. Safisha kwanza kwa spiriti kali, ziba soketi zote kwa tepu, ndipo upake. Nyingi zimetiwa rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau, kwa hiyo mimi huazima ile taa ya kukagulia noti kwa mwenye duka la M-Pesa nikaangalia wapi nimeruka. Ananicheka, lakini taa hunipa.

Ila soketi haipakwi vanishi. Kwa hiyo bodi nzuri kwangu ni ile yenye soketi chache, na memori iliyochomewa kwenye bodi yenyewe.

Ya kwanza ni BeagleBone Black, toleo la viwandani. Naipenda, sifichi. Ipo tangu 2013, RAM yake ni MB 512 tu, na kijana wa dukani atakwambia imezeeka. Mwache. Memori yake ya GB 4 imechomewa, umeme unaingia kwa plagi ya duara isiyochomoka ovyo, na michoro yake iko wazi, kwa hiyo kikiungua kitu najua nitafute nini. Kasoro yake naijua: mara moja moja umeme ukirudi, mtandao wa waya hauamki mpaka uizime tena.

Ya pili, Revolution Pi ya Wajerumani. Inakaa kwenye reli ya paneli ya umeme, inakula volti 24, mafundi wa viwanda wanaielewa mara moja. Bei yake inauma. Tena daraja lake la kinga ya vumbi na maji ni IP20, na ile sifuri maana yake maji haiyazuii hata kidogo, basi itie ndani ya boksi lenye mpira wa kuzibia maji.

Ya tatu, Raspberry Pi Compute Module 4. Usinunue toleo la Lite, halina memori ya kuhifadhia, utarudi kwenye kadi. Nayo inashikana na bodi mama kwa viunganishi viwili vya pini 100 kila kimoja. Pini mia mbili, na pwani hii!

Bodi za Orange Pi na jamaa zake: za kujifunzia nyumbani.

Sasa bei. Meli zinateremsha makontena Kilindini nikiyaona, lakini bodi yangu ilikuja kwa ndege mpaka Nairobi, ikakaa kwa mwenye duka, ikashushwa Mombasa kwa basi, na nauli nikalipa mimi, juu ya VAT ya asilimia 16. Nilimuuliza muuzaji kama imepakwa vanishi. "Dada, hiyo ina waranti." Nimeisoma waranti yenyewe. Kutu haimo.