Nyasi za paspalamu uani: mapande au vipandikizi, kipi huzuia magugu?

Kwa bei, vipandikizi vinashinda mbali: gunia moja la mashina hufunika eneo kubwa kuliko mapande (vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake) ya bei hiyohiyo. Kata mashina yenye vifundo 2 au 3, yapande kila sentimita 15 mvua za Machi au Septemba zinapoanza Kampala. Tatizo ni ile miezi 2 au 3 kabla nyasi hazijafunga. Mwanga unafika udongoni, kwa hiyo mbegu za magugu zinaota, nawe utang'oa kila wiki.

Mapande huziba mwanga siku ileile. Yabane kabisa, maana magugu hupenyea kwenye maungio, na mwagilia kila siku kwa wiki 2. Lakini hapa ndipo wengi wanaponunua ndago, gugu lenye viazi chini ya udongo, kwa pesa zao wenyewe. Geuza pande kabla ya kulipa: ukiona viazi vidogo vya kahawia iliyokolea, likatae. Ndago ukivuta jani, kiazi hubaki na kuchipua tena.

Lumbugu, gugu la nyasi linalotambaa kwa mizizi chini ya udongo, haijali umechagua kipi. Kabla ya kupanda, lima sentimita 20, okota mizizi yake yote, mwagilia, subiri wiki 3 magugu yaote, kisha yaparue juujuu bila kugeuza udongo.

Mwenye muda na uwanja tambarare, vipandikizi vinatosha. Kwenye miteremko ya Kampala mvua huvisomba. Huko weka mapande, hata kama sehemu iliyobaki utapanda mashina. Ukatapo nyasi zilizokwishaota, usishuke chini ya sentimita 4.